Simu Isiyosumbua

Kwa kazi alikuwa fundi vioo, na kazi yake aliijua. Dirisha lililopinda, mlango wa kabati, fremu ya picha ya harusi iliyoanguka ukutani, vyote alivipima mara mbili kwa rula ya chuma, akakata kwa kalamu ya almasi mstari mmoja tu, akagonga kwa chini, na kioo kikaachana bila ubishi. Lakini mtaani hakuna aliyemjua kwa vioo. Mtaani alikuwa Bwana Setingi, kwa sababu simu yoyote iliyopita mikononi mwake, hata ya mtu aliyetaka tu kumwonyesha picha ya mtoto, lazima angeingia kwenye setingi na kuzima kitu.

Na maoni, jamani, maoni alikuwa nayo. Saa za mkononi zinazohesabu hatua alizidharau. "Mtu mzima unahitaji saa ikuambie kuwa umechoka?" Televisheni inayodai nywila kabla ya kukuonyesha taarifa ya habari aliifananisha na mgeni anayekaa sebuleni kwako halafu anakuuliza wewe ni nani. Printa, kwa hesabu yake, ndicho kifaa pekee duniani chenye kinyongo: wino upo, karatasi ipo, umeme upo, ila kimekumbuka kofi ulilokipiga mwaka juzi. Na simu za kukunja zilipoingia madukani, alisimama katikati ya karakana, vumbi la kioo kwenye nyusi, akatoa hukumu. "Nimekata vioo miaka kumi na tisa. Kioo hakikunjwi. Anayekuuzia kioo cha kukunja anakuuzia ufa, ila kwa kuchelewa."

Kompyuta yake ya mapajani ilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Diski aliibadilisha mwenyewe, feni aliibadilisha mwenyewe, na kitufe cha herufi K kilipong'oka aligundisha hapo kifungo cha shati, cheupe, chenye matundu manne. Waliocheka aliwaambia walete zao za miaka kumi na mmoja walinganishe. Hakuna aliyeleta.

Tusimwonee lakini, mara nyingi alikuwa sahihi. Mshona nguo wa jirani aliwahi kuitumbukiza simu kwenye ndoo ya maji, ndani yake picha zote za marehemu mumewe. Bwana Setingi alikaa na simu ile siku mbili, akazirudisha zote, na alipoulizwa anataka nini alisema anataka yule mama abadilishe nywila, maana mwaka wa kuzaliwa si nywila, ni tangazo. Ndiyo sababu watu walimvumilia. Ukitaka msaada wake ulimeza na hotuba yake.

Hotuba zote zilikuwa na kiitikio kimoja: kifaa kizuri ni kile kisichokusumbua. Simu yake mwenyewe haikulia, haikutetemeka, haikuwaka taa. Ukimpigia ilibidi usubiri mpaka atakapojisikia kuitazama. "Simu ni mtumishi," alisema. "Mtumishi haingii chumbani bila kubisha hodi." Mkewe, mwalimu wa hesabu, mwanamke wa maneno machache yaliyopimwa, aliwahi kumwuliza mtumishi atabishaje hodi na yeye amemkata mikono. Bwana Setingi alicheka, akasema hayo ni maswali ya mtihani.

Kwao walizaliwa wawili. Alitangulia yeye, na miaka kumi na miwili baadaye, Mama akiwa amekwisha kugawa nguo zote za kitoto, akaja kitindamimba. Huyu alikuwa fundi wa majokofu, na kwa mambo ya vifaa alikuwa kinyume kabisa cha kaka yake. Kila kilichotoka alikitaka, na kikitoka kingine alikiuza cha kwanza. Bwana Setingi alimbandika jina la Toleo Jipya, akalitumia mbele za watu, watu wakacheka. Mdogo mtu naye alicheka. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, lakini nani alikuwa akitazama makovu.

Siku Mama alipostaafu upishi wa shule, kitindamimba alimletea zawadi. Simu. Kubwa, inayong'aa, yenye herufi nene za macho ya mzee, na kwenye skrini alikuwa ameshaweka picha ya Mama mwenyewe akiwa jikoni kwenye moshi, anacheka. Alikuwa ameizungukia maduka wiki tatu. Sebule ilijaa wapishi wenzake Mama na majirani, simu ikapita mkono kwa mkono, mpaka ikafika mkono wa Bwana Setingi.

Hapo ingetosha aipokee, aisifu, ampe jirani yake wa kulia. Wapi! Aliigeuza, akaigonga mgongoni kwa kucha, akaingia kwenye setingi, na kwa nusu saa nzima akaeleza: betri imegundishwa, ikifa imekufa, mgongo ni wa kioo, na kioo anakijua, programu arobaini ambazo hakuna aliyeziomba. "Hii," alimaliza, "ni takataka iliyopakwa rangi." Kisha akatoa mfukoni simu aliyoiandaa yeye, ya zamani, ngumu, yenye betri aliyoibadilisha kwa mkono wake, akamwekea Mama kiganjani. Mama akatazama huku na huku. Mwisho akairudisha ile ya kung'aa kwenye boksi lake, akasema hiyo ataitumia siku za maana.

Kitindamimba hakugombana. Alikunywa soda yake mpaka chini, akaaga. Baada ya Jumapili mbili alikubali mkataba wa kwenda nchi ya mbali kufunga vyumba vya baridi kwenye maghala ya samaki. Mama alimkumbatia mlangoni hadi shati likakunjamana. Kaka yake alipewa mkono wa vidole vitatu tu.

Wiki ileile tapeli mmoja alimpigia Mama akijitia mfanyakazi wa kampuni ya simu, akamwomba amsomee tarakimu za siri. Mama alipika miaka thelathini akihudumia watoto mia nne kwa siku, na yeyote aliyemwamkia kwa adabu alimwona mwanawe. Alikuwa ameshasoma tarakimu tatu Bwana Setingi alipoingia. Alimnyang'anya simu, akaikata, akakaa kitini huku jasho linamtoka. Halafu akafanya alichojua kufanya. Aliingia kwenye setingi, akashuka mpaka chini, akabonyeza mahali palipoandikwa: zuia namba zisizojulikana.

Tangu saa ile, namba yoyote ambayo haikuwa kwenye orodha ya majina ya Mama isingelia. Mpigaji angesikia mlio nusu, kisha sauti ya kukatwa. Ujumbe wake ungeangukia kwenye kijalada kiitwacho Taka, ambacho Mama hakujua kama kipo. Kwa namba zilizobaki alimwekea mlio mdogo, kama mtu anayekohoa kwa heshima. "Sasa umesalimika, Mama," alimwambia. Alimpenda mama yake, hilo tusilifiche. Siku ile alitembea kurudi nyumbani akijisikia mtoto mwema.

Basi Mama akaanza kungoja. Namba ya zamani ya kitindamimba haikupatikana tena, lakini alijua mwanawe akishatulia huko atapiga. Akifua, simu ilikuwa mfukoni mwa aproni. Akipika, iliegemea kopo la chumvi. Bafuni aliiacha juu ya dirisha, mlango wazi kidogo. Mwezi ukapita, wa pili ukapita.

"Hivi hii simu yangu ni nzima?" alimwuliza mwanawe mkubwa.

"Subiri." Bwana Setingi alitoa yake, akampigia palepale, simu ya Mama ikakohoa. "Umeona? Nzima kabisa."

"Kwa hiyo ni yeye."

"Ni yeye, Mama. Mtu akitaka kupiga, hupiga. Simu anayo, tena ya kisasa kuliko zetu sote."

Alimfanyia jaribio hilo mara nne au tano katika miezi ile, na kila mara simu ilikohoa, na kila mara Mama alitikisa kichwa taratibu. Mwezi wa sita hakuuliza tena. Alianza kuilaza simu kifudifudi. Shingo yake ilikuwa imekonda, na akizungumza juu ya kitindamimba alisema "alikuwa akipenda hiki", "alikuwa akipenda kile", kana kwamba amekufa.

Katika mwezi wa saba, siku ya Alhamisi, mwalimu wa hesabu aliishiwa chaji akiwa shuleni. Alitumia simu ya ofisi kumpigia mkwewe, kumkumbusha siku ya kliniki. Jioni, mezani, akasema, "Mama amenikatia simu leo. Mara mbili."

"Hajakukatia," Bwana Setingi akamjibu, huku akijimwagia mchuzi, kwa sauti yake ile ya kufundisha. "Simu yenyewe ndiyo imekata. Namba ya ofisi ya shule haimo kwenye orodha yake, kwa hiyo inakataliwa kabla haijalia. Ndivyo nilivyoipanga. Namba yoyote ngeni, awe nani, atoke wapi, hata akipiga kutoka..."

Hakumaliza. Kijiko kilibaki hewani.

"Kutoka wapi?" mkewe aliuliza. Kisha akamtazama vizuri, naye akaweka chini kijiko chake.

Kesho yake aliomba ruhusa karakana, akaenda kwa Mama mchana. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?" Akasema amekuja kuisafisha simu, zikikaa sana huwa zinajaa. Mama akampa, akatoka uani kuanua nguo.

Orodha ya simu zilizozuiwa ilikuwa ndefu, alilazimika kuisogeza kwa kidole mara tatu. Matapeli walikuwamo, ndiyo, wawili watatu. Ofisi ya shule ilikuwamo. Zilizobaki zote zilikuwa namba moja, yenye tarakimu za mwanzo za nchi ya mbali. Arobaini na moja. Alizihesabu, akazihesabu tena kama anavyopima kioo, zikabaki arobaini na moja. Ya mwisho ilikuwa na wiki tano.

Akafungua Taka.

"Mama ni mimi. Simu yangu iliibiwa njiani, namba zote zimekwenda. Yako ndiyo pekee niliyo nayo kichwani. Pokea."

"Mama naona inakatwa. Ni hasira au ni mtandao?"

"Leo nina homa. Nilitaka kusikia sauti tu."

Na ya mwisho: "Nimeelewa Mama. Sitakusumbua tena."

Bwana Setingi alikaa kwenye kiti cha Mama, uso umemwiva. Aliona haya. Aliona haya ya mtu mzima. Na mtu aliyepatwa na haya namna ile angetoka nje palepale, akamwambia mama yake. Yeye alitaka kwanza airekebishe. Mafundi ndivyo walivyo: hawaji kukuambia kimeharibika, huja kukuambia kimepona. Alizima ile setingi, akaandika namba kwenye simu yake mwenyewe, akapiga.

"Haloo," ilisema sauti ya mdogo wake. "Nani mwenzangu?"

Angesema neno moja, nisamehe, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini mdomo uliponza kichwa. "Ni mimi," alisema. "Sikiliza, usiwe na wasiwasi, hakuna kilichoharibika. Ilikuwa setingi tu. Simu ya Mama inazuia namba ngeni, niliiweka mimi kwa usalama, na inafanya kazi vizuri sana. Wewe nawe ungetumia akili, ungeazima simu ya mtu, ungejua kwamba..."

"Kaka," ile sauti ikamkatiza. "Miezi saba."

"Ndiyo maana nakueleza, Toleo, mfumo wenyewe una..."

Ikakatwa. Akapiga tena. Akasikia mlio nusu, kisha sauti ya kukatwa, na sauti ile hakuna mtu mtaani aliyeijua kuliko yeye. Mdogo wake amemfungia.

Hapo sasa alipoteza akili kabisa. Aliichukua simu ya Mama, iliyokuwa bado ina joto la mkono wake, akapiga kwa hiyo. Haikumaliza mlio wa kwanza.

"Mama?"

Sauti hiyo hakuwa ameisikia tangu kitindamimba alipokuwa na miaka sita na kupotea sokoni nusu saa. "Ni mimi tena," alisema.

"Kumbe simu ya Mama unayo wewe," mdogo wake alisema polepole. "Siku zote hizo nilikuwa napiga kwako." Na huo ukawa mwisho wa namba ya pili.

Mama aliingia na nguo mikononi, zimemfika kidevuni. "Imesafishika?"

"Bado kidogo," alisema, akamrudishia, akaondoka.

Siku tatu alitembea na jambo hilo. Karakana alikata kioo cha kabati kikapungua vidole viwili, yeye ambaye hakuwahi kupunguza hata ukucha, na mwenye karakana akamwuliza kama anaumwa. Fikra mbaya nazo hazikukosa. Mama hajui orodha iko wapi. Vidole viwili tu, na orodha inafutika, na Taka inafutika, na kitindamimba atabaki kuwa mwana aliyemtupa mama yake. Hakuna ambaye angejua. Aliliwaza hilo kwa dakika nzima akiwa na kisu cha gundi mkononi, kisha akajichukia kwa dakika nyingi zaidi.

Jumatatu alimweleza mkewe. Alieleza vibaya, akianzia kwa tapeli, akizunguka. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie Mama," alisema.

"Nitamwambiaje?"

"Una maoni juu ya printa, juu ya saa, juu ya simu za watu usiowajua. Leo ndiyo umeishiwa?"

Wakaenda wote wawili. Mama alikuwa anachambua mchele mezani, miwani puani. Bwana Setingi alikaa mbele yake, akamwambia. Safari hii hakusema "setingi tu". Alisema, "Mama, mwanao alikuwa akipiga. Mimi ndiye niliyefunga mlango." Akasema na zile simu mbili za Ijumaa, kila alilolitamka ndani yake, hata lile la kutumia akili.

Mama hakupiga kelele. Mikono yake iliacha mchele. "Alipiga," alisema.

"Alipiga, Mama."

"Mara ngapi?"

"Arobaini na moja."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya aproni, akaivaa tena. "Nisomee."

"Mama, ziko nyingi, hazina..."

"Nisomee zote. Siku na saa."

Akasoma. Alianza na ya kwanza, Jumanne, saa nne asubuhi. Mama akafikiri. "Siku hiyo nilikuwa napaka rangi ule mlango. Simu ilikuwa kwenye kiti, hapo." Akasoma ya pili. "Hiyo nilikuwa kliniki, nimeishika mkononi, nimeishika hivi." Akasoma ya tatu, ya nne, ya tano, zote za siku moja. "Nafua mapazia." Nyingine hakukumbuka, akasema tu "nilikuwepo". Aliposoma ile ya siku ya homa, saa moja jioni, Mama alisema, "Siku hiyo wewe ulikuwa hapa. Nilikuuliza kama simu ni nzima. Ukaipiga, ikalia." Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali, Bwana Setingi angepumua. Alisoma mpaka ya arobaini na moja, sauti imekwisha, machozi yanamdondokea kwenye mchele wa Mama, na mkewe akausogeza ungo pembeni.

Mama alinyoosha mkono. "Nipe simu yangu." Akaitia mfukoni mwa aproni. "Usiiguse tena."

Mwishowe mwalimu alisema kwa utaratibu wake wa ubaoni, "Namba ya kaka yake amekwisha kuifunga. Ya Mama amekwisha kuifunga. Yangu haijui. Na yeye, tofauti na watu fulani, hupokea namba asizozijua."

Bwana Setingi aliinua kichwa. Ilikuwa kweli. Yule kijana ambaye yeye alimcheka miaka yote, mwenye simu zinazowaka na kulia na kutetemeka kila dakika, mlango wake ulikuwa wazi kwa kila mtu. Ingekuwa yeye, ungempigia mpaka mvua ya mawe inyeshe, asipokee.

"Hii ndiyo namba yetu ya mwisho hapa ndani," mkewe aliendelea, akimtazama yeye. "Nampa Mama. Wewe utakaa pale kwenye kigoda, karibu na mlango. Na ule mdomo wako uuache hapohapo nje."

Akaenda, akakaa. Magoti yalimfika karibu na kidevu, kigoda kilikuwa kile cha kumenyea vitunguu. Mwalimu akabonyeza namba, akampa mkwewe. Ikalia. Ikalia. Ikalia.

"Mwanangu," Mama alisema. "Ni mimi. Usikate."

Bwana Setingi alishika magoti yake kwa mikono miwili.

"Mimi mwenyewe. Simu ya shemeji yako hii. ... Sikukata. ... Nisikilize, baba. Sikukata hata mara moja. Sikuisikia." Alianza kulia, huku akizungumza vilevile, kama mtu anayepika huku moshi unamwumiza. "Ile siku ya homa nilikuwa hapa mezani. Ile Jumanne nilikuwa napaka rangi mlango. Zote nimesomewa. Arobaini na moja. ... Umekonda? ... Unakula?"

Wakazungumza. Kutoka kwenye kigoda hakusikia maneno ya upande wa pili, alisikia mvumo tu wa sauti, ukipanda na kushuka, na mara moja ukakatika katikati, akajua huko nako kuna mtu mzima analia akiwa amesimama kwenye ghala la samaki. Maneno yalimjaa mdomoni. Alitaka kumwambia Mama asogeze simu, anaziba maikrofoni kwa shavu. Akayameza.

"Yupo," Mama alisema ghafla. "Yupo hapa kwenye kigoda. ... Hapana, hasemi kitu. ... Kweli tena, hata mimi nashangaa." Upande wa pili ukatoa sauti fupi, labda kikohozi, labda si kikohozi. Mama akamtazama mwanawe mkubwa juu ya miwani. "Nimpe?"

Alinyanyuka nusu.

Mama alisikiliza muda mrefu. "Haya," alisema. "Haya, nimesikia. Kesho basi, saa hizihizi. Na ile ya kwangu uifungulie, ninayo mimi." Alipomaliza aliishika ile simu kifuani kidogo kabla ya kumrudishia mkwewe. Kisha akamgeukia aliyekuwa amesimama nusu.

"Amesema bado."

Bwana Setingi akaketi tena. Bado. Alilipindua neno lile huku na huku, akitafuta ufa, hakuuona. Hakusema hapana. Amesema bado, na bado ni zaidi ya alichostahili, hilo alilijua mwenyewe bila kuambiwa.

Mama aliinuka, akaenda chumbani. Walisikia kabati likifunguliwa. Akarudi na boksi, lile la kung'aa, kona zake bado kali, akaliweka mezani mbele ya mwanawe.

"Nihamishie laini yangu huku," alisema. "Na usizime chochote."

Bwana Setingi akaifungua ile simu. Ilipopata chaji na kuwaka, Mama akatokea kwenye skrini katikati ya moshi wa jikoni, anacheka. Betri ilikuwa bado imegundishwa, mgongo bado ni wa kioo, programu ni zilezile arobaini. Hakusema neno. Alihamisha laini, akaiandika namba ya nchi ya mbali mahali pa kwanza kabisa kwenye orodha.

"Sasa mlio," Mama alisema. "Nichezee nisikie."

Akaufungua ukurasa wa milio, akaanza na ule mpole, wa kengele ndogo. Mama akatikisa kichwa. Akacheza wa pili, wa tatu, wa filimbi, wa gitaa. Mama akatikisa kichwa. Alipofika ule wa mwisho, wa tarumbeta, ule ambao miaka yote aliwaambia watu kwamba aliyeubuni angeshtakiwa, glasi zikatetemeka kabatini na mbwa wa jirani akabweka.

"Huo," Mama alisema. "Huo unasumbua."

Akauweka, akapandisha sauti mpaka mwisho, akamkabidhi mama yake simu kwa mikono miwili.